Jino Lililopotea Kwenye Keekee

Mheshimiwa mgeni rasmi, rudisha huo mkasi mezani. Utepe haukatwi bado. Na wewe mjukuu wangu, acha kunikonyeza, mimi si mchumba wako.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo cha Ufundi, mafundi seremala wakubwa kwa wadogo, wanafunzi, majirani, na ninyi mliofuata soda: salamu zenu nyote. Hotuba niliyochapiwa ilikuwa ndefu na karatasi yake ngumu, kwa hiyo nimeikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza hii iliyokuwa inayumba. Hii ninayosoma nimeiandika mwenyewe asubuhi, kwa penseli ya kuchoria mbao, kwa hati ya mtu aliyeishia darasa la pili. Nikikwama, mtasubiri.

Tumeitwa kufungua karakana inayotengeneza upya keekee za zamani za kutobolea mbao, zile za kuzungusha kwa mkono, zisizojua umeme. Mwenye karakana ni binti wa mwanangu wa kwanza, mhandisi mwenye cheti ukutani. Babu yake, marehemu mume wangu, alikuwa akimwita mchumba, mimi nikimwita mke mwenzangu. Sasa mke mwenzangu amechukua keekee ya mume wetu, akaipima, akaitolea kalibu, akamwaga chuma, akapata mia mbili zinazofanana nayo. Nimsifu? Namsifu. Chuma ni chuma kweli, si bati lililopakwa rangi. Mpini umepigwa msasa mpaka unateleza kama shavu la mtoto. Amefanya kila kitu, ila kuuliza.

Asubuhi hii nilifungua boksi moja, nikabana kipande cha mbao kwenye jiriwa, nikazungusha. Kru, kru, kru, ta! Nikazungusha tena. Kru, kru, kru, ta! Nikavaa miwani. Gia kubwa ina pengo la jino moja. Nikafungua boksi la pili: pengo. La tatu: pengo, pale pale.

Nikamwita. “Mhandisi, jino la hapa liko wapi?”

“Bibi, ya babu ilikuwa hivyo hivyo. Huo ndio uhalisia wake. Watu wanataka kitu cha kale kibaki kama kilivyokuwa.”

“Na mimi kinywani sina meno matatu. Utawang'oa wajukuu wote ili wafanane na mimi?”

Akaangalia simu yake. Kumbe simu nayo ina majibu.

Ndugu wageni waalikwa, mnadhani aliyeitengeneza keekee ile zamani alisahau jino? Mume wangu alikuwa anatoboa mguu wa kitanda cha zamani alicholetewa kukarabati. Nikamwambia, “Baba, humo ndani mna msumari, nimeuona upande wa pili.” Akasema, “Mama watoto, mbao naijua mimi.” Akakaza. Ta! Jino likaruka, likazama kwenye maranda. Tulichekecha maranda siku mbili kama watu wanaochekecha unga. Gia nyingine madukani haikupatikana. Na yeye, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kuvumilia kitu kinachorukaruka. Akaniwekea keekee mapajani akasema bega linamuuma.

Bega lile liliuma miaka ishirini na sita.

Vitanda, viti, madawati ya shule ile pale ng'ambo ya barabara, matundu yake yote nimetoboa mimi. Yeye akipima, akiranda, akiunga, mimi nikitoboa. Miezi mitatu ya mwanzo nilivunja ncha za kutobolea mpaka nikawa nazificha. Nilikuwa nakwenda kulia nyuma ya rundo la mbao, nikidhani mkono wangu ndio mbovu. Sikujua kwamba ni lile pengo linalozivunja. Mpaka nilipojifunza kulisikiliza: zungusha, zungusha, likikaribia punguza, likipita endelea. Hakuna aliyenifundisha, na mume wangu hakuwahi kusema, “Mke wangu, kosa ni la gia.”

Sasa nifikie hiki kikadi kilichomo ndani ya kila boksi. Kimeandikwa: “Bonde hili dogo kwenye mpini ni alama ya kidole gumba cha babu, aliyetoboa kwa keekee hii maisha yake yote.” Mheshimiwa, umetuambia wewe nawe ulikuwa seremala. Shika hiyo iliyo mbele yako. Weka gumba lako bondeni. Limeingia? Halijaingia. Mume wangu alikuwa na gumba kama kisigino. Haya, tazameni langu.

Limekaa kama yai kwenye kiota. Mke mwenzangu, umenichonga mara mia mbili na hukunijua.

Usilie, vipodozi vinakutiririka mbele ya wageni. Sijasimama hapa kudai sifa, ingawa mkinipa sitakataa. Nimesimama kwa sababu kesho asubuhi maboksi haya yanakwenda kwa wanafunzi wale waliokaa nyuma. Mkuu wa Chuo, umeyasainia yote. Je, umezungusha hata moja? Kalamu umezungusha. Mwanafunzi wako ataishika keekee, itaruka, itavunja ncha, na atakapoangalia chombo kinavyong'aa atasema, “Mkono wangu ndio mbovu.” Atakwenda kulia nyuma ya mbao. Mimi nililia kwa ajili ya jino moja. Ninyi mnataka walie mia mbili?

Nawashukuru kwa kunyamaza na kunisikia, hata mlionyamaza kwa woga. Sasa sikilizeni kazi. Mhandisi, vua hivyo viatu virefu, uvae aproni. Gia itatolewa kalibu mpya, na meno yake utayahesabu kwa sauti, mimi nikiwa nimekaa pembeni. Bonde la mpini lipigwe msasa lipotee. Kila mwanafunzi atachimba la kwake. Vikadi vitupwe. Ile keekee ya zamani usiiguse, pengo lake ni langu.

Na wewe Mheshimiwa, usikae na mikono mitupu. Chukua sasa mkasi wako, uache utepe, uanze kufungua maboksi, lile la juu kabisa kwanza. Kata!