Mama Odeta Aliyetufungulia Madirisha ya Bweni

Jumamosi hii, tarehe 28 Juni 2025, Mama Odeta Nahimana anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi katika mashine yetu ya kukoboa mpunga hapa Kibaoni. Haya ni maneno ya wapakiaji wake.

Alikuja kutoka Mishamo akaajiriwa kupeta mchele. Jikoni aliingia kwa bahati. Mpishi wa wakati ule aliunguza maharage mara nyingi mno, wapakiaji wakagoma kunyanyua magunia, na msimamizi akamwita mwanamke wa kwanza aliyemwona. Hakutoka tena. Hatuwezi kusema alikuwa mpole. Aliyechelewa kula alikuta sufuria imeshaoshwa. Lakini sisi tuliotoka mbali, ambao kwetu tunafika msimu ukiisha, tulikuwa na mtu wa kutuuliza mbona leo hujala.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa mwaka juzi, mwezi wa saba, mpunga umejaa hadi nje ya ghala. Hapa kila mtu anakohoa, kwa sababu vumbi la pumba halimwachi mtu. Kwa hiyo bweni lilipoanza kukohoa zaidi, hakuna aliyeshtuka. Usiku ulikuwa wa baridi, nasi tulikuwa tumeziba madirisha kwa magunia na kulala tumebanana, tukidhani hiyo ndiyo kinga ya mafua.

Jumapili asubuhi Mama Odeta alileta uji, akasimama mlangoni akisikiliza.

"Mashine imezimwa tangu jana mchana," alisema. "Hizo pumba mnazokohoa leo mmezitoa wapi?"

Dieudonne, mwenye maneno mengi kuliko sisi wote, alikuwa anatetemeka chini ya blanketi.

Mama alimpeleka zahanati. Nesi alisema ni virusi vya homa ya mafua: vinatoka mtu akikohoa, akipiga chafya, hata akiongea karibu, na mikono inavisambaza. Wengi tungepona. Hofu ilikuwa kwa Mzee Bartolomeo, mkubwa wetu bwenini, ambaye kifua chake kilishachoshwa na vumbi la miaka mingi. Alikuwa bado mzima, lakini mkeka wake ulikuwa jirani na wa Dieudonne. Nesi hakuficha: homa ile ikimpata mzee, huenda asiinuke.

Mama Odeta alirudi akayang'oa magunia madirishani kwa mikono yake. Dieudonne aliwekwa stoo, yenye dirisha kubwa, na Mzee Bartolomeo chumba cha mizani, peke yake. Kata tuliyonywea wote aliificha, kila mtu akapewa kikombe chake. Beseni la kunawia lililozunguka mpaka wa mwisho akanawa uchafu wa wenzake lilihamia kwenye kuanika dagaa. Tukawa tunamiminiwa maji kwa jagi, na sabuni ipo. Tulikula nje, tumeachana. Mwenye homa hakugusa gunia, na msimamizi alipolalamika kwamba malori yanasubiri, Mama alimwambia ayapakie mwenyewe.

Kigumu kilikuwa kumjulia mgonjwa hali. Sisi mtu akiugua tunaingia wote, tunakaa kitandani, tunamshika mkono. Mama alisimama mlangoni mwa stoo na mwiko wake. "Nyie, upendo wenu uishie dirishani." Basi tukakaa nje, tukimpigia Dieudonne kelele za habari za mpira.

"Mama!" alilia siku moja. "Nimekuwa chatu wa kufungiwa stoo?"

"Chatu hakohoi. Funika mdomo!"

Alicheka mpaka akakohoa, lakini alikoholea kwenye kiwiko kama alivyofundishwa.

Aliyekasirika zaidi ni yule asiyeumwa. "Odeta, dada yangu, unanizika ningali hai," Mzee Bartolomeo alisema. Mama alimpelekea chakula mwenyewe, kafunga barakoa, akakiweka kwenye kigoda na kurudi nyuma. Hakuondoka. Alisimama uani akipiga naye hadithi mpaka sahani iishe, maana mzee yule hajazoea kula peke yake. "Kula, kaka. Ukitoka humo utanitukana vizuri."

Homa iliwapitia wengi wetu. Mzee Bartolomeo haikumpata. Alipotoka alimtukana kweli, mbele yetu sote, kisha akaketi karibu na jiko lake akakataa kuondoka.

Leo madirisha yetu yanabaki wazi hata kwenye baridi, na mwenye mafua anajitenga mwenyewe bila kufukuzwa. Lucia, anayeshika jiko, anajua hayo yote na ameanza kuwa mkali inavyotakiwa.

Mama Odeta anahamia Karema kwa binti yake. Mizigo yake mpaka stendi ataibeba Mzee Bartolomeo. Vijana walitaka kumpokea, amewafukuza. Amesema kifua ni chake, na anamjua aliyemtunzia.

Mama, mwache abebe. Tunakushukuru kwa kutulea watu wazima wakaidi. Nenda ukaishi vizuri na wajukuu zako, upate afya, usingizi na watu wa kukuuliza kama umekula.