Chemchemi ya Mogaka: Maisha ya Duncan Mogaka Machogu, 1966–2025

Wachungaji, wazee, majirani na jamaa wote, naitwa Esnah, dada anayemfuata marehemu kwa kuzaliwa. Ukali wangu mnaujua, kwa hiyo naomba nisikatizwe.

Marehemu Duncan Mogaka Machogu alizaliwa tarehe 9 Juni 1966 katika boma hili, karibu na Keroka, mtoto wa kwanza wa mzee Machogu na mama Persis, ambao wametutangulia. Tangu utoto alipenda maji. Mama akimtuma kuchuma chai, angemkuta anachimba mfereji katikati ya michai na kikapu kitupu. Alichapwa, akachimba tena.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1985, akasomea ufundi wa maji Nairobi, kisha akaajiriwa serikalini na kuhudumu Kenyenya kwa miaka mingi. Tarehe 11 Desemba 1994 alifunga ndoa kanisani Nyakoe na mwalimu Linet. Siku hiyo alichelewa nusu saa kwa sababu aliona bomba limepasuka njiani. Linet alimsamehe, mimi bado.

Mwaka 2017 kiwanda cha mvinyo wa ndizi kilifunguliwa kule juu, wakamwajiri marehemu asafishe maji machafu yanayobaki baada ya kuosha mapipa. Msabato kwenye kiwanda cha mvinyo! Kanisani maneno hayakuisha. Yeye alimjibu mchungaji, "Kinachotoka mlango wa mbele sikinywi. Mimi nahudumia kinachotoka mlango wa nyuma."

Alijenga mabwawa mawili ya kokoto na kuyapanda matete. Maji yalipita polepole chini ya kokoto, na uchafu ukaliwa na vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi. Lakini matete hayo yalihitaji miezi sita ya kunywa maji safi kwanza, yashike mizizi. Ndizi zikaiva kwa wingi, matangi yakajaa, wakubwa wakamsukuma. Tarehe 21 Agosti, baada ya wiki tano tu, kaka yangu alifungua vali ya kupeleka maji machafu kwenye matete. Alijua ni mapema. Alifungua kwa mkono wake mwenyewe, na hakuwahi kumsingizia mtu mwingine.

Matete yalikauka, maji yakafurika hadi kwenye chemchemi yetu, yakiwa meusi na kunuka chachu. Ng'ombe wa jirani yetu mama Nyanchera, mjane aliyesomesha watoto kwa maziwa ya ng'ombe huyo, alikunywa. Alikoroma pale chini kuanzia asubuhi hadi saa tisa, kisha akafa. Marehemu alikaa naye muda wote huo, ameshika kichwa chake.

Mwezi uliofuata marehemu alimpelekea mama Nyanchera mtamba. Alirudishiwa langoni. "Mpeleke kwako," mama alisema. "Huyu si yule." Hakumsalimia tena kwa miaka minane.

Jamani, kaka yangu hakupona jambo hilo. Tukiwa mezani, mchana kweupe, aliweka kijiko chini na kuuliza, "Mnamsikia?" Sisi hatukusikia kitu. Alipanda matete upya na kuyalea mwaka mzima. Kuanzia mwaka 2019 vipimo vilionyesha chemchemi ni safi, na kila Jumatatu alikunywa kikombe pale mbele ya watu. Hakuna aliyemfuata. Mliendelea kuteka maji ng'ambo ya mlima, na mimi pia, Mungu anisamehe.

Moyo wake ulianza kumsumbua Februari mwaka jana. Kuna walionong'ona kwamba ni yale maji. Si kweli! Daktari alisema ni moyo, na baba yetu alikufa na ugonjwa huohuo. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, hospitalini mjini Kisii. Alimwambia Linet, "Matete yakatwe, yasisongamane." Kisha akauliza kama tunamsikia.

Tangu siku hiyo namsikia mimi. Nikiosha vyombo, nikifagia uwanja, ng'ombe yule anakoroma kule chini. Sikumwambia mtu.

Leo asubuhi majirani walileta maji na kuni, kama ada yetu penye msiba. Mama Nyanchera alikuja wa mwisho, amejitwika mtungi, miguu ina matope ya chemchemini. Hakuna aliyemtuma. Aliutua jikoni, akajichotea kikombe, akanywa chote, akasema, "Haya ni maji ya Mogaka. Pikeni chai." Ndiyo chai mliyokunywa nyote, pamoja na wale walionong'ona.

Marehemu ameacha mjane wake Linet, watoto wake Walter, Sheila na Lavender, wajukuu wawili, na mimi, dada yake.

Lala salama, kaka. Tangu mtungi ule ulipotuliwa nimetega sikio, na ng'ombe amenyamaza.