Pacha Aliyegeuka

Kijiwe chetu cha Tunduma, mwaka ule wa 1951, kilikuwa gogo moja mbele ya duka la nguo, hatua chache kutoka mpakani. Asubuhi hiyo birika la kahawa ya Mbozi lilipozunguka, gogoni walikaa mapacha: Zebedayo, aliyerudi jana yake baada ya miaka kumi na mmoja kwenye migodi ya shaba kule Rodeshia, na Jairo, ambaye hakuwahi kuondoka. Kichwa cha Jairo kilikuwa cheupe. Zebedayo hakuwa na mvi hata moja.

Fanueli, dereva wa lori tuliyemwita Breki, ndiye aliyeanza.

— Nyie mmezaliwa siku moja kweli, au mama alipumzika katikati?

— Siku moja, akasema Jairo.

— Ni mwendo, akadakia Mwalimu Asajile. Nimesoma. Anayekwenda mbio mno saa yake hupungua kasi. Akirudi, hajazeeka kama aliyebaki.

— Kumbe mwenda pole huzeeka! Kesho nateremka Mbozi bila breki, nirudi sijabalehe!

— Lori halitoshi, Breki. Endesha maisha yako yote, hutapata faida hata ya kupepesa jicho. Ni mpaka ukaribie mwendo wa mwanga.

Zebedayo akauliza taratibu:

— Lakini Mwalimu, mimi ndani ya lori niliona Tunduma ndiyo inarudi nyuma. Kwa nini nisiseme Jairo ndiye aliyesafiri?

— Lori likienda sawasawa, sema tu. Lakini lilipong'oka, nani alibanwa mgongo kwenye ubao? Lilipogeuza, nani aliyumba? Jairo hata kikombe chake hakikumwagika. Aliyegeuka ni wewe, na mwili wako ulijua.

Zebedayo akatazama chini.

— Ulijua. Mama alipofariki barua ilinifikia. Nilitaka kugeuka mwaka uleule. Nikaogopa kurudi mikono mitupu.

— Nilimzika peke yangu, akasema Jairo. Mvi zilianza wiki hiyo.

Breki akawajazia wote wawili kahawa.

Ndipo akatokea Tusekile, mke wa Zebedayo, jembe begani. Mumewe alikuwa amelala kwa Jairo. Hakuthubutu kubisha hodi kwa mkewe.

— Shikamooni. Zebedayo, miaka kumi na mmoja niliyokungoja, kwako wewe ilikuwa mingapi?

Breki akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama kahawa yake.

Zebedayo akasimama, akampokea jembe. Hakutangulia. Alimfuata nyuma kwenda shambani.