Elhanan Tikotski, Fundi wa Miwani Aliyeuliza Imeandikwa Wapi

Ndugu, majirani, na ninyi wateja ambao hata leo mmevaa miwani aliyowatengenezea: mimi ni Ruhama, binti mkubwa wa marehemu. Nimeombwa nieleze maisha ya baba yetu, Elhanan mwana wa Pinhas na Hinda Tikotski. Nimeyaandika leo asubuhi kwenye meza ya jikoni kwake, bila kujua ni nani angeyasoma. Sababu yake mtaisikia. Kama nitajisifu kwa kuwa mtoto wake, mnivumilie. Siku kama ya leo sina haja ya kuona haya.

Baba alizaliwa tarehe 17 Februari 1942 katika mtaa wa Sha'arei Hesed, hapa hapa Yerusalemu, akiwa kifungua mimba wa mwoka mikate na mshonaji. Ukoo wa babu ulihamia mji huu kutoka Lithuania vizazi vingi nyuma, na nyumba yao ilikuwa na desturi nyingi kuliko vyombo. Hata viatu vilikuwa na utaratibu: unaanza kuvaa cha kulia, lakini unaanza kufunga kamba za cha kushoto. Baba alipokuwa bado hajaanza shule alimuuliza mama yake kwa nini. Bibi Hinda akamjibu, "Kwa sababu unachelewa. Funga twende!" Baba alikuwa akisema hilo ndilo jibu zuri kuliko yote aliyowahi kupewa, na viatu vyake aliendelea kuvifunga hivyo hivyo mpaka miguu ilipovimba akashindwa kuvivaa.

Alisoma katika chuo cha Talmudi mtaani kwao. Talmudi yenyewe imejaa mabishano, kwa hiyo mtoto mwenye maswali alikuwa na mahali pake, na walimu wake walimtabiria kwamba angekuwa rabi. Kilichobadilisha njia yake ni kifo cha babu. Babu Pinhas alianguka mbele ya tanuri lake Ijumaa, tarehe 6 Machi 1959, mikate ya Sabato ikiwa bado ndani. Ilibidi azikwe siku hiyo hiyo, kabla jua halijatua.

Yerusalemu tuna desturi yetu ambayo watu wa Tel Aviv na Haifa wanatushangaa nayo. Mwanamume akifa, watoto wake hawafuati jeneza mpaka kaburini. Wanaagana naye kwenye geti la makaburi, mtoto wa kiume anasoma Kadishi, sala ya wafiwa, kisha wanarudi nyumbani na wengine ndio wanaokwenda kumzika. Siku ile kijana mmoja wa chama cha mazishi alipanda kwenye ngazi akatangaza kwa sauti kubwa, kwa jina la Yoshua mwana wa Nuni, kwamba mzao yeyote wa marehemu asivuke pale. Baba alikuwa na miaka kumi na saba. Akavuka. Yule kijana akashuka, akamshika mkono, akamrudisha. Baba akamuuliza, "Imeandikwa wapi?" Akajibiwa, "Hapa ndivyo tunavyofanya." Jeneza likaondoka, naye akabaki getini ameshikwa mkono na mtu asiyemjua. Kijana yule aliitwa Bunim Horenshtein.

Tukiwa wadogo Baba hakutusimulia habari hiyo. Nilipata kuisikia nikiwa mtu mzima, na aliyenisimulia ni shangazi Yokheved, dada yake, ambaye siku ile alikuwa amesimama nyuma yake akilia. Alisema Baba aliporudi nyumbani alifungua kitabu cha Yoshua, akakisoma mwanzo hadi mwisho kabla mishumaa ya Sabato haijawashwa. Hakuliona katazo hilo popote.

Baada ya msiba hakurudi chuoni. Alitumikia jeshi, akasomea utengenezaji wa miwani Tel Aviv, na mwaka 1968 akafungua duka lake katika Barabara ya Yafo. Watu walidhani ameacha dini. Wapi! Alisali asubuhi na jioni, alishika Sabato, na kofia yake ndogo haikutoka kichwani. Ila mtu yeyote mwenye elimu ya dini aliyeingia dukani alikuwa ameingia mtegoni. Baba alimketisha kwenye kiti, akamweka kidevu kwenye mashine, akamvua miwani. Ukiwa hivyo huoni mlango uko wapi. Ndipo alipoanza kuuliza.

Tarehe 1 Septemba 1970 alimwoa mama yetu, Margalit Shamash, ambaye wazazi wake walitoka Baghdad. Kwa desturi mke hufuata mila za mume, na sisi watu wa Lithuania hatuli wali wakati wa Pasaka, wakati kwao Mama Pasaka bila wali ni adhabu. Pasaka yao ya kwanza ilipokaribia, Mama alimwambia wazi, "Elhanan, wewe unayeuliza kila kitu, hili mbona huulizi? Wali umekukosea nini?" Baba akaenda kuuliza. Aliporudi alisema, "Sijapata sababu inayoniridhisha. Pika."

Lakini yeye mwenyewe hakuula. Miaka arobaini na nane alikaa mezani kila Pasaka akiuchungulia ule wali, na hakuuonja hata punje. Zaidi ya hapo, mchele unatakiwa uchambuliwe mara tatu, isije ikabaki punje ya ngano, na aliyeuchambua kila mwaka alikuwa yeye, kwa lenzi ya dukani, huku shemeji zake wakimcheka. Mimi nilikasirika siku moja nikamwambia, "Baba, huu si unafiki? Unasema desturi haina sababu, halafu unaishika!"

Akaweka lenzi chini. "Ruhama, hiyo inaninyima wali tu. Baba yangu hakuula, babu yangu hakuula, nami nawapenda, basi. Lakini inayomnyima mtoto kumzika baba yake, hiyo lazima nijue nani kaileta, na lini, na kwa ruhusa ya nani." Hapo ndipo nilipomwelewa. Nilikuwa nimedhani anapigana na mila, kumbe alikuwa akizitunza.

Naye Bunim alipanda cheo mpaka akawa mkuu wa chama cha mazishi. Macho yake yalikuwa mabovu, na fundi mzuri wa miwani mjini alikuwa mmoja. Kwa hiyo mwaka hadi mwaka alikuja, na wote wawili walijua wao ni nani. Mara nyingi nilikuwa dukani nikimsaidia Baba, na mazungumzo yao nayajua kwa moyo.

"Mzee Bunim, usitikisike. Nisomee mstari wa mwisho."

"Siuoni."

"Na ile desturi yenu, imeandikwa wapi?"

"Hiyo nayo siioni, lakini ipo! Elhanan, mimi nimekuja kupimwa macho, sikuja mahakamani."

"Wengine wananiambia eti ni kwa sababu ya mashetani wanaojiita watoto wa marehemu na kumfuata wakidai urithi."

"Wapo wanaosema hivyo."

"Kwa hiyo mashetani wafike kaburini, mimi nibaki getini?"

"Wewe mtu ni mwiba. Nirudishie miwani yangu!"

Baba alimrudishia, na kila mara alimpunguzia bei. Siku hazigandi, wote wawili wakazeeka. Februari mwaka huu madaktari walituambia kwamba Baba ana saratani ya kongosho. Alisikiliza, akamuuliza daktari maswali mpaka daktari mwenyewe akaomba maji, kisha akarudi dukani kumalizia kazi za watu.

Mwezi Mei Bunim alikuja kubadilisha lenzi, akitembelea kigari cha kujishikizia. Mama na mimi tulikuwepo. Safari hii Baba hakuuliza imeandikwa wapi. Alisema, "Mzee Bunim, mimi nakufa. Watoto wangu watakuja mpaka mwisho au hawatakuja?"

Kidevu cha Bunim kilikuwa bado kwenye mashine. Akasema polepole, "Wapo walioandika kwamba mtu akiwa hai akatamka kwa kinywa chake kuwa anawataka, mbele ya mashahidi wawili, asizuiliwe. Sisi hatujawahi kufanya hivyo."

Baba hakusubiri. Alimwita Nissim, anayeuza bureka, vimkate vya jibini, mlango wa pili, na Zigi, fundi wa saa wa ng'ambo ya barabara. Nissim alikuja na unga mikononi.

Mama akauliza, "Na mimi? Nimeishi naye miaka yote hii, sijui anachotaka?"

"Margalit, shahidi ni mwanamume," Bunim akasema.

"Imeandikwa wapi?"

"Hiyo imeandikwa! Jamani, msiniongezee mzigo, mmoja ananitosha."

Tulicheka wote, hata yeye. Kisha Baba akavua koti lake jeupe la kazi, akasimama wima, akasema, "Mimi Elhanan mwana wa Pinhas nawataka watoto wangu, Ruhama, Pinhas na Efrat, wanifikishe kaburini na kunifukia kwa mikono yao. Anayewazuia hawazuii kwa ajili yangu." Nissim akafuta macho, akajipaka unga. Bunim akavaa miwani yake mipya. "Nimesikia," alisema. "Sijasema nimekubali." Akaondoka na kigari chake, nasi hatukupata jibu lingine.

Baba aliugulia nyumbani, mtaa wa Beit HaKerem, Mama akimlisha kwa kijiko na kumgombeza kama kawaida yao. Hakulalamika. Alichotuuliza katika wiki zake za mwisho, kila jioni, ni kama Bunim amepiga simu. Tulijibu hapana. Naye alisema, "Basi mtajaribu tu." Alifariki leo alfajiri, Jumanne tarehe 13 Novemba 2018, siku ya tano ya mwezi wa Kislevu, Mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Margalit, watoto watatu, mimi Ruhama, mdogo wangu Pinhas na kitinda mimba wetu Efrat, dada yake, Yokheved, wajukuu saba, kitukuu mmoja aliyezaliwa kiangazi hiki na kupewa jina la Hinda, na mji mzima wa watu wanaoona vizuri.

Karatasi yangu inaishia hapo. Nakala nyingine nilimpa Gadi, mume wa Efrat, kwa kuwa yeye si mtoto wa marehemu na hakuna wa kumzuia. Tuliafikiana kwamba tukirudishwa getini, yeye ndiye awasomee. Gadi, ikunje uiweke mfukoni.

Wengi wenu mlikuwa nyuma, hamkuona. Kijana wa chama alipanda ngazi leo kama ilivyo kawaida, akaanza kutangaza, kwa jina la Yoshua mwana wa Nuni. Efrat alinikamata mkono mpaka ukaniuma. Pinhas alikuwa amekwisha kuinua mguu avuke, kama Baba alivyofanya. Ndipo tukasikia kigari kinakuja, na Mzee Bunim akasema kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo, "Nyamaza, kijana. Huyu alisema, na mimi nilimsikia. Wapishe." Kijana akamuuliza, "Lakini Mzee, imeandikwa wapi?" Bunim akasogeza kigari chake kando, tupite.

Tulipompita alinivuta mkono wa blauzi, hii hapa niliyoichana kwa ajili ya msiba. Alikuwa analia nyuma ya miwani ya Baba. Akaniambia, "Ukifika, mwambie baba yako mstari wa mwisho nimeuona."

Basi, Baba, ujumbe wako huo nimeuleta. Koleo tutaliweka chini, kila mmoja aliokote mwenyewe, hatutapeana mkononi, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyofanya na wala sijui kwa nini. Udongo wa kwanza ni wetu watatu. Pinhas atasoma Kadishi, na mimi na Efrat tutaisoma pamoja naye kwa sauti. Asiyependa na atuonyeshe ilipoandikwa.

Mlima huu wazee wetu waliuita Mlima wa Mapumziko. Pumzika, Baba. Tumekufikisha.