Mama Kimya, Aliyeogopa Kuliko Watazamaji Wake

Marehemu dada yetu, mwongozaji wa filamu ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kimya, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958 katika chumba cha nyuma cha nyumba ya babu, jirani na karakana ya reli. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alikuja duniani macho yamemtoka pima, na tangu siku hiyo hakuacha kuogopa. Aliogopa ngazi. Aliogopa hata koti la baba likiwa limetundikwa mlangoni.

Alianza shule ya msingi nyuma ya soko mwaka 1965, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1975. Akiwa darasa la sita, kaka yetu mkubwa alimpeleka kutazama picha ya kutisha. Yeye akaipa skrini kisogo, akatazama watu.

"Umeona nini sasa?" kaka alimuuliza njiani, kwa hasira ya tiketi iliyopotea bure.

"Nimemwona polisi amejifunika uso kwa kofia," akajibu. "Kaka, mimi nitatengeneza picha kama zile."

Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Mtu mwenyewe haendi chooni bila kusindikizwa!

Mwaka 1981 aliajiriwa katika kitengo cha filamu, akianzia kubeba nyaya, kisha akawa mhariri. Mwaka 1989 aliongoza filamu yake ya kwanza, juu ya nyumba yenye mlango mmoja usiokubali kufungika. Baada ya hiyo aliongoza nyingine kumi. Hakutumia damu wala mazimwi. Alikutisha kwa shati kwenye kamba na maji yanayochuruzika bafuni, nawe ukienda kuoga unaacha mlango wazi. Kazini alikuwa mkali kama pilipili. Kanuni yake ilikuwa moja: mwigizaji akisahau maneno aendelee, taa ikipasuka aendelee, na asigeuke mtu mpaka yeye mwenyewe aseme "kata". Aliamini kwamba hofu ya kweli huja pale mtu anapoishiwa la kusema.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986 na mpiga picha wa kitengo hicho, mtu mpole asiyeinua sauti. Kabla ya kukubali posa alimuuliza, "Wewe unaogopa nini?" Naye akajikaza kiume: "Mimi? Siogopi kitu." Kwa jibu hilo alijipa kazi ya maisha. Ndiye aliyeinama kila siku kukagua uvungu wa kitanda, ndiye aliyefungua mlango ukigongwa. Moyo wake nao ulikuwa ukimdunda, ila hakusema. Mungu aliwajalia binti na mwana.

Tarehe 12 Februari mwaka huu walikuwa wakirekodi katika ofisi iliyohamwa, tukio la mama na binti wanaogombana mezani. Maneno yaliyoandikwa yakaisha. "Kata" haikusikika. Waigizaji wakaendelea kujitungia. Aliyecheza binti akaanza kulia machozi ya kweli, mwenzake akawa anapanga vikombe na kuvipangua. Shemeji yetu, jicho kwenye kamera, aliendelea kurekodi. Alidhani mkewe ameupenda mchezo. Wote walidhani hivyo, na hakuna aliyethubutu kugeuka. Mtunza mavazi aliingia na gauni mkononi, akamwona dada kitini, akapiga ukelele: "Jamani, mama mdomo umekwenda upande!"

Kilikuwa kiharusi. Daktari alitutuliza: "Msijitese. Hata mngewahi, labda ingekuwa hivi hivi."

Hilo "labda" lilimkaa shemeji kooni. Dada alirudishwa nyumbani akiwa na maneno machache na hofu yote. Mume akitoka chumbani tu, yeye alishika shuka kwa nguvu. Shemeji alishindwa kumtazama usoni, akihofia kuona lawama, na zaidi akihofia kwamba mkewe ataondoka duniani akiwa na woga ule ule. Kwa hiyo akashikilia wimbo wake wa zamani: "Usiogope. Mimi niko hapa, mimi siogopi." Kila aliposema hivyo, dada aligeukia ukutani.

Asubuhi ya tarehe 3 Juni pumzi zilikuwa nzito. Shemeji alianza tena, "Usiogope, mimi..." Sauti ikamkatika. "Mke wangu, naogopa. Tangu siku ile naogopa. Naogopa sana."

Dada akageuka kutoka ukutani. Alihangaika na ulimi wake, kisha akasema, "Na mimi. Sogea."

Shemeji akapanda kitandani na viatu vyake. Binti yao alipoingia na uji alimkuta baba akilia, na mama amekwisha kutulia, mkono wake uko kichwani pa mumewe.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na sisi ndugu zake watatu. Shemeji ameomba lisemwe hapa, mbele yenu, bila kuzungushwa: anaogopa kurudi kwenye nyumba ile leo. Basi tukitoka hapa makaburini asiagwe na mtu. Tuondoke naye.

Mungu ampumzishe dada yetu kwa amani, na huko aliko asiogope tena.