Vidonge Ndani ya Chupa ya Punje

Sogeeni wanangu, na mwenye simu aizime, maana pumzi nilizobakiwa nazo ni chache na sitaki kuzigombania na mtu anayepiga kuuliza kama tunanunua kiwanja. Fundi, wewe kaa huko miguuni, kitanda hiki hakiwezi kubeba makalio yako na tumbo langu kwa wakati mmoja. Mwalimu, weka kalamu chini, leo hakuna mtihani. Na wewe kitinda mimba wangu, tuliyekuita Chiriku kwa sababu hukujua kunyamaza hata ukiwa na tonge mdomoni, njoo hapa dirishani penye mwanga nikutazame macho. Usiangalie chini. Nitazame mimi.

Ya manjano. Yamezidi ya juzi.

Haya, ya mali niyamalize haraka, hayana uzito. Nyumba ni yenu watatu, asiuze mmoja bila wawili kukubali. Cherehani ya mama yenu ni ya Mwalimu, kwa sababu Fundi akiigusa ataichomelea iwe geti. Chumba cha mbele, kile cha tiba, chenye droo zangu na chupa mia mbili za punje, vile viduara vidogo ninavyotibia watu, mimi nikishaondoka kisifunguliwe tena kwa kazi ile, na sababu yake ndiyo nimewaitia hapa, nayo nimeibeba kifuani miaka kumi na tisa.

Mnajua nilivyoanza kuugua. Kinga ya mwili wangu ilikuwa inalishambulia ini langu lenyewe, yaani mlinzi uliyemwajiri mwenyewe anakugeukia wewe mwenye nyumba kwa rungu, na hospitali wakanipa vidonge vya kuituliza, wakasema nitavimeza maisha yangu yote. Na mimi wakati huo tayari nilikuwa daktari wa homeopathi, tiba hii ya punje, mwenye kiti cha kuzunguka, kibao mlangoni na wagonjwa wanaopanga foleni mpaka kwa mshona viatu ng'ambo ya barabara. Sasa mimi nikaonekane kwenye dirisha la dawa la hospitali, nimeshika kadi? Niliona aibu, wanangu. Aibu tu, hakuna kingine, msinitafutie sababu nzuri zaidi.

Basi nikawa napanda basi kila mwezi kwenda hospitali ya mbali, nikiwaaga kwamba nakwenda kununua punje zaidi, na huko nikajiandikisha kwa jina la marehemu kaka yangu. Vidonge vyao nikavimwaga ndani ya chupa yangu ya punje, ile ya mfuko wa koti, na kila asubuhi, benchi limejaa watu, natoka mlangoni, naitikisa chupa, naigonga mara tatu kwenye kiganja, natupia kinywani na kusema, "Mpishi asiyeonja chungu chake msile chakula chake!" Watu wanacheka, wanapiga makofi. Wote waliona mzee anakula dawa yake mwenyewe, kumbe mzee anameza za hospitali mbele ya macho yao.

Na vile vidonge si vinajaza mashavu? Vikanijaza, uso ukawa duara kama sinia, na mtaa mzima ukasema, "Punje zimemkubali, mwone alivyonawiri!" Niliitikia nini mimi? Niliitikia, "Karibuni."

Msinielewe vibaya, punje hazina kosa. Nilizitumia na mimi, juu ya zile za hospitali, na siku ngozi iliponiwasha mpaka nataka kujisugua ukutani kama mbuzi, kukaa chini na kutulia na chupa yangu kulinisaidia kuvumilia. Wagonjwa wangu niliwauliza wanalala ubavu gani, wanaogopa nini, nani kawaudhi, saa nzima mtu anasikilizwa, anatoka pale kanyooka mgongo. Hilo ni jema, na atakayetaka punje pembeni ya matibabu yake ya hospitali mwacheni apate. Lakini ini hazikuligusa. Ini langu lilishikiliwa na vidonge vya hospitali miaka yote hiyo, mpaka limechoka lenyewe na kusinyaa, na maji yamenijaa tumboni kama mnavyoona. Kila mgonjwa nilimwambia kwa mdomo, "Za hospitali usiache," na hata ukutani niliandika kwa herufi kubwa, lakini nani anasoma ukuta wakati mzee mwenyewe yuko mlangoni na mashavu yake?

Mshona viatu hakuusoma. Aliacha zake za figo, akazikwa. Mkewe akipita hapa hugeuza uso, nanyi mmemnunia kwa hilo miaka sita. Acheni kumnunia. Fundi, utakwenda kwake wewe mwenyewe, kwa miguu, umweleze haya yote, na akikutukana usimjibu.

Nipe maji. Kidogo tu. Basi.

Chiriku mwanangu. Ulipopimwa ukakutwa na ugonjwa ule ule wangu, nilipaswa kusema siku ile ile. Nikasema kesho. Ukaanza vidonge, mashavu yakajaa, ukalia mbele ya kioo, nami niko nyuma yako na mashavu kama yako kabisa, yako ukayaita ugonjwa na yangu ukayaita afya, na bado nikanyamaza. Kisha ukaviacha, ukashika punje zangu. Daktari wako alipokuuliza, ulimjibu, "Mbona Baba hamezi na anazeeka vizuri?" Mwalimu ndiye aliyeniambia, wiki iliyopita. Miezi minane, mama, unakula sukari tupu.

Fundi, koti liko nyuma ya mlango. Toa ile chupa, mimina mkononi mwake. Ona, Chiriku. Hizo si punje. Punje ni viduara, hivyo ni bapa, vina mstari katikati. Ndivyo vile vile ulivyotupa.

Unasema nini? Sema kwa sauti, masikio yamekuwa mazito.

Ati kaka yako na dada yako wameviweka humo asubuhi hii. Ati wamenifundisha maneno. Hapana, mama, hapana, nani angenifundisha mimi uongo, mimi ndiye... Kadi? Kadi ina jina la baba yako mkubwa. Picha haina. Mwalimu, usimpigie kelele mwenzio, ana haki. Miaka yote nimesimama pale mlangoni nikidanganya nikaaminiwa, na leo nasema kweli nina sura ya mtu anayedanganya.

Usiniamini, basi. Sawa. Mimi niache. Mwamini yule daktari wako mkavu, asiyejua hata kutabasamu, yeye hajawahi kukuchekesha hata siku moja. Nenda kesho. Nenda leo, kabla hawajafunga. Mwambie ulikosea, au mwambie baba yako alikosea, vyovyote, ila meza mbele yake.

Ngoja... ngoja nipumzike.

Fundi, Mungu akupe nguvu za mikono na akupunguzie hasira. Mwalimu, akupe watoto wanaosikia. Mtanizika bila hotuba. Msiseme nilikuwa tabibu mkubwa. Semeni niliugua... nikatibiwa hospitali. Semeni hivyo mbele ya watu wote, hata wakicheka. Kila atakayekuja kunilaza chini alisikie.

Na wewe Chiriku, weka kichwa chako hapa nikushike. Hapa. Mbona sikuoni? Huo ni mlango gani umelia? Ametoka?

Mrudisheni. La, msimshike kwa nguvu, atazidi. Uacheni mlango wazi tu, nitamwambia kutoka hapa hapa, atasikia akiwa koridoni. Chiriku! Mwanangu, meza. Vimeze, baba yako anakubariki, anakuomba... vimeze...

Fundi, sauti imetoka? Hukusikia hata wewe? Basi sogea. Sogea zaidi.