Mwonjaji wa Chai na Kurasa Zake Nyeupe

Waombolezaji wapendwa, mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kikombe, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitindamimba kati ya watoto wawili wa karani wa posta na mkewe mshonaji, akamaliza sekondari mwaka 1969, na tarehe 2 Februari 1970 akaajiriwa katika kiwanda cha chai, ambako alipanda hadi kuwa mwonjaji, kazi ya kuvuta funda, kulizungusha mdomoni, kulitema na kutoa hukumu, vikombe mia mbili kwa siku.

Mwaka 1974 mnunuzi mmoja kutoka Japani alimwachia kitabu chakavu cha Kiingereza cha washairi wa kisasa, waliojifunza kwa mabingwa wa chai wa Mashariki kutaja kikombe, mvuke, kisha kunyamaza, na mama akaanza kuandika mashairi yake nyuma ya karatasi za kurekodia alama za chai, bila vina wala mizani.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976 na mchapaji, marehemu baba yetu, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu fundi umeme, na mwaka 1988 baba akamchapia kitabu chenye weupe mwingi kuliko maandishi, hata seremala jirani akauliza kama wino uliwaishia, mama akacheka hadi akakaa chini.

Ambaye hakucheka ni kaka yake, mjomba wetu, mtunzi hodari wa tungo za vina, aliyeandika gazetini kwamba yale ni makombo ya maneno, na kwa miaka thelathini na moja hawakusemezana, ingawa mama alikata kila utenzi wa kaka yake gazetini akautunza.

Agosti 2019 aligundulika kuwa na saratani ya koo, iliyomnyang'anya sauti na ladha, na mjomba alipopata habari alifika na begi, akasema, "Mdogo wangu, nimekuja kukaa," akakaa kweli, akimpikia chai kila asubuhi na kumsimulia ladha yake, mwanzoni kwa maneno lukuki, baadaye kwa machache, hadi siku moja akasema tu, "Nyepesi. Ukungu. Majani mabichi," mama akachukua kalamu akamwandikia, "Kaka, hapo umetunga," nao wakalia pamoja.

Alifariki tarehe 14 Novemba 2021, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mjomba, ambaye ameniomba nisome wasifu huu badala yake kwa kuwa leo sauti haimtoshi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumchoka, majirani waliotufulia na kutupikia, na waonjaji wenzake waliokuja kwa zamu kumsomea.

Mama, kazi umeimaliza, pumzika kwa amani.